ADHD na homoni za kike: kwa nini dozi ile ile hufaa wiki mbili kisha ikawa kama maji

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo naandika kwa sababu nimechoka kusoma ushauri unaomchukulia mwanamke mwenye ADHD kama mtu ambaye mwili wake ni ule ule kila siku ya mwezi na kila mwaka wa maisha yake. Niligunduliwa kuwa na tatizo hili la umakini nikiwa na umri wa miaka 41. Dawa niliyoandikiwa ilinifaa sana kwa takriban wiki mbili: nilimaliza kazi nilizozianza, nilijibu barua kwa wakati, na funguo zangu zikaacha kupotea. Kisha hedhi ilipokaribia, nikawa kama nimemeza maji. Daktari wa kwanza alisema mwili umeanza kuizoea dawa, akaongeza dozi. Hedhi ilipopita, dozi hiyo mpya ikaninyima usingizi na kuuendesha moyo wangu mbio. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa siku ya ngapi ya mzunguko, na mimi mwenyewe sikujua kwamba hilo ni swali la kuulizwa.

Nianze na kiini cha jambo. Estrojeni, homoni ya kike, hasa ile iitwayo estradioli, haifanyi kazi kwenye mfuko wa uzazi peke yake. Ina vipokezi vyake ndani ya ubongo, ikiwamo sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupanga shughuli, huzuia pupa, na hushikilia jambo moja akilini huku akitenda jingine. Huko estradioli husaidia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, kutengenezwa na kuachiliwa, na hupunguza kasi ya kimeng'enya kiitwacho COMT ambacho kazi yake ni kuivunjavunja dopamini hiyo. ADHD nayo inahusishwa na namna dopamini na noradrenalini zinavyotumika katika mitandao hiyo hiyo ya ubongo, na dawa za kichangamshi, kama methilfenidati na zile za jamii ya amfetamini, husaidia kwa kuziongeza kemikali hizo mbili. Kwa hiyo estrojeni ikiwa juu, dawa hupata mwenzake wa kubeba mzigo. Ikishuka, dawa huachiwa mzigo wote, na wakati mwingine huushindwa.

Katika mzunguko wa siku 28 (ingawa wowote ulio kati ya siku 21 na 35 ni wa kawaida), estradioli huwa chini siku za hedhi, hupanda hadi kilele muda mfupi kabla ya yai kutoka, yaani karibu na siku ya 14, hushuka, kisha huinuka tena kwa kiasi ikiandamana na projesteroni, homoni nyingine ya kike. Siku chache kabla ya hedhi inayofuata zote mbili huporomoka. Wengi wetu tukiandika shajara ya kila siku, kama ninavyofanya mimi, tutakuta kwamba siku zetu mbaya zimejazana kwenye poromoko hilo, na baadhi hupata poromoko dogo la pili mara tu baada ya yai kutoka. Zingatieni kwamba nasema poromoko, sisemi upungufu. Msichana ambaye hajabalehe ana estrojeni kidogo kuliko mimi nikiwa katika siku yangu mbaya kabisa, lakini ubongo wake haujazoea kuwa nayo na kisha kunyang'anywa.

Haya si mambo ya kuhisi tu. Mwaka 1999 Justice na de Wit, katika Chuo Kikuu cha Chicago, waliwapa wanawake wenye afya deksamfetamini, kichangamshi cha jamii ya amfetamini, katika nusu mbili za mzunguko, na wanawake hao wakaihisi kwa nguvu zaidi katika nusu ya kwanza kuliko ya pili. Mwaka 2018 Roberts, Eisenlohr-Moul na Martel waliwafuatilia wanawake 32 kwa siku 35 wakipima homoni katika mate yao, na wakaona kwamba estradioli iliposhuka huku projesteroni au testosteroni ikiwa juu, dalili za ADHD ziliongezeka siku iliyofuata, hasa kwa wale wenye hulka ya pupa. Mwaka 2023 kikundi cha madaktari nchini Uholanzi kiliripoti habari za wanawake tisa walioongezewa dozi ya kichangamshi katika siku za kabla ya hedhi tu. Wote tisa walisema umakini na hisia zao zilitengemaa, na wote wakachagua kuendelea hivyo. Tisa ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Siwaombi mwichukue kama hukumu ya mwisho. Ila mimi niliposoma habari hiyo nililia, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kuona mwezi wangu umeandikwa na mtu mwingine.

Ningependa kusikia wenzangu mmepitia nini, hasa waliokaribia kukoma hedhi na wenye mabinti.

Mpenda Takwimu

Dada, asante kwa andiko lenye kina. Naomba kuuliza kwa heshima, na si kwa kubeza: je, si kila mwanamke huchoka, husahau na hukasirika kabla ya hedhi? Mke wangu hana ADHD na siku hizo hupoteza simu akiwa ameishika mkononi. Tofauti iko wapi, na tutajuaje kwamba hatuchukui jambo la kawaida na kulipa jina la ugonjwa?

Mwanzisha uzi

Kaka, swali lako ni la haki. Tofauti ya kwanza ni mahali mtu anapoanzia. Mke wako anashuka kutoka kwenye uwanja tambarare, nami nashuka nikiwa tayari ukingoni mwa shimo. Hatua ile ile inayomtia yeye kero ndiyo inayonitumbukiza mimi. Tofauti ya pili ni kwamba ADHD haianzi na hedhi wala haiishi nayo. Vigezo vya utambuzi vinavyotumika tangu mwaka 2013 vinataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, katika mazingira zaidi ya moja. Mtu ambaye wiki tatu za mwezi yuko sawa kabisa na ya nne tu ndiyo inayomvuruga, hilo ni jambo jingine, na linaweza kuwa mfadhaiko mkali wa kabla ya hedhi, ambao ni ugonjwa unaotambulika kivyake.

Ila magonjwa hayo mawili hupenda kukaa nyumba moja. Katika utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021, karibu wanawake 45 katika kila 100 wenye ADHD waliohojiwa kliniki walieleza dalili za mfadhaiko huo, ilhali kwa wanawake kwa jumla makadirio ya kawaida ni 3 hadi 8 katika kila 100. Walioulizwa walikuwa wagonjwa wa kliniki waliojieleza wenyewe, kwa hiyo idadi halisi mitaani yaweza kuwa ndogo zaidi. Hata ukiipunguza nusu, bado pengo ni kubwa.

Mama wa Binti

Nashukuru kwa uzi huu. Binti yangu ana miaka 13. Shule ya msingi alikuwa mtoto mpole, anayeota ndoto za mchana, anayesahau daftari lakini anayefaulu. Alivunja ungo mwaka jana, na tangu hapo nyumba imekuwa uwanja wa vita: machozi, milango inayobamizwa, kazi za shule zisizokabidhiwa. Walimu wanasema ni ujana. Mimi nina wasiwasi kwamba kuna zaidi ya ujana, lakini naogopa kuonekana mama anayemtafutia mwanawe ugonjwa.

Mwanzisha uzi

Mama, huo upole ndio uliotuficha wengi wetu. Kwa miaka mingi picha ya ADHD ilikuwa mvulana anayepanda juu ya dawati, na tangu mihadhara ya daktari George Still mjini London mwaka 1902, waliosomwa zaidi ni wavulana. Utotoni wavulana hutambuliwa mara mbili au tatu zaidi ya wasichana, lakini kwa watu wazima pengo hilo hupungua sana. Sidhani kwamba maelfu ya wanawake waliupata ugonjwa wakiwa watu wazima. Walikuwa nao, wamekaa dirishani wakitazama nje, na kwa kuwa hawakumsumbua mwalimu, hakuna aliyewasumbua kwa maswali.

Kwa msichana, kubalehe hugongana na jambo jingine wakati mmoja. Homoni zinaanza kupanda na kushuka, na mizunguko ya miaka ya mwanzo mara nyingi haina mpangilio, hivyo hata yeye mwenyewe hawezi kuitabiri. Wakati huo huo shule inabadilika: badala ya mwalimu mmoja anayemkumbusha, sasa ana walimu wengi, ratiba inayobadilika, na kazi zinazotakiwa baada ya wiki mbili. Msaada wa nje unaondolewa katika mwaka ule ule ambao ubongo unaanza kuyumbishwa kutoka ndani. Anayefaulu kwa akili nyingi na hofu nyingi anaweza kuficha hadi hapo, kisha ficho linapasuka.

Ningekuwa wewe ningetafuta ripoti zake za zamani za shule. Maneno kama "ana uwezo ila hamakiniki" au "hujiendea kimawazo", yakiwa yameandikwa alipokuwa na miaka 8, yana uzito kuliko ugomvi wa leo. Pia mwombe daktari apime wingi wa damu na madini ya chuma, hasa kama hedhi yake ni nzito, pamoja na tezi ya thairoidi, kwa kuwa upungufu wa chuma na hitilafu za tezi hiyo huleta uchovu na ukungu wa akili unaofanana na tunaouzungumzia. Hutakuwa umemtafutia mtoto ugonjwa. Utakuwa umeondoa dhana moja baada ya nyingine.

Mfamasia

Naomba niongeze machache kutoka upande wa dawa, kwa sababu naona wasomaji wengine wanaweza kusoma habari ya wale wanawake tisa na kujiongezea dozi wenyewe. Tafadhali msifanye hivyo. Vichangamshi hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na wale tisa walikuwa chini ya uangalizi. Tena njia si hiyo moja tu. Kwa mwenye mfadhaiko mkali wa kabla ya hedhi, dawa za sonona kama fluoksetini zinaweza kutolewa katika nusu ya pili ya mzunguko pekee, na kwa tatizo hilo hufanya kazi upesi kuliko zinavyofanya kwa sonona ya kawaida. Lakini kama mtu anatumia atomoksetini kwa ajili ya ADHD, daktari lazima ajue, maana fluoksetini na paroksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja atomoksetini, na kiwango chake katika damu hupanda sana bila mgonjwa kuongeza hata kidonge kimoja.

La pili ni uzazi wa mpango. Kuna wanaofaidika wakimeza vidonge mfululizo bila wiki ya mapumziko, kwa kuwa wanaondokewa na lile poromoko la kila mwezi. Wengine projestini iliyomo, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, huwatia simanzi. Utafiti mkubwa wa Uswidi wa mwaka 2023 uliona kwamba wanawake wenye ADHD wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango walikuwa na hatari ya sonona iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ya wanawake wasio na ADHD wanaomeza vidonge hivyo hivyo. Sisemi waviache, nasema miezi mitatu ya mwanzo mtu asikae peke yake na mawazo mazito akidhani ni tabia yake.

Mpenda Takwimu

Nimejibiwa vizuri, nanyoosha mikono. Nina swali moja tu lililobaki, na hili ni la nyumbani kwetu. Shemeji yangu ana ADHD na ni mjamzito wa miezi mitano. Anasema hajawahi kuwa na akili iliyotulia namna hii, na anafikiri amepona.

Mwanzisha uzi

Mwambie afurahie utulivu huo, ila aandike tarehe ya kujifungua kama tarehe ya hatari. Katika ujauzito estrojeni hupanda hadi viwango ambavyo mwili haujawahi kuvifikia, na baadhi ya wanawake, ingawa si wote, hueleza utulivu kama wake. Wengine miezi mitatu ya kwanza huwaelemea kwa kichefuchefu na uchovu hasa wakiwa wameacha dawa. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni huanguka ndani ya siku chache tu, na hakuna poromoko la kila mwezi linalokaribia ukubwa wa hilo. Juu yake weka usingizi uliokatwakatwa, na usingizi mbovu peke yake unatosha kumfanya mtu asiye na ADHD aonekane anayo.

Takwimu za Uswidi zilizochapishwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba kati ya wanawake waliotambuliwa kuwa na ADHD, takriban 17 katika kila 100 walipewa utambuzi wa sonona baada ya kujifungua, dhidi ya takriban 3 katika kila 100 kwa wasio na ADHD. Kwa hiyo mpango ufanywe sasa, akiwa na akili hiyo tulivu: nani ataamka usiku zamu ipi, ni lini ataonana tena na daktari wake wa akili, na kama atanyonyesha, dawa gani inaweza kurejeshwa na kwa dozi gani. Hayo huwezi kuyapanga ukiwa umelala kwa muda wa saa mbili tu. Mimi nilijaribu. Niliweka nepi kwenye friji na maziwa kabatini, na nikakaa sakafuni nikicheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine.

Bibi Mtarajiwa

Wanangu, mimi nina miaka 49 na nimesoma uzi huu wote mara mbili, jambo ambalo siku hizi si dogo kwangu. Nimeendesha ofisi ya watu 20 kwa miaka 15. Tangu miaka mitatu iliyopita nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi, nasimama katikati ya sentensi kama gari lililoishiwa mafuta, na nilikwenda kwa daktari nikiwa nimeamini kwamba nimepata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Vipimo havikuonyesha hivyo. Sasa mjukuu wa dada yangu ametambuliwa kuwa na ADHD, na kila swali aliloulizwa mama yake, nilikuwa najijibu mimi moyoni. Je, ADHD inaweza kuanza katika umri wangu?

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo. Haianzi katika umri huo, lakini inaweza kuonekana kwa mara ya kwanza katika umri huo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kipindi cha kuelekea kukoma hedhi mara nyingi huanza katikati ya miaka ya arobaini na huchukua miaka kadhaa. Kukoma kwenyewe, yaani kutimiza miezi 12 bila hedhi, huja kwa wastani karibu na miaka 51. Katika kipindi hicho estrojeni haishuki kwa ngazi taratibu. Hupanda na kushuka bila ratiba, mwezi huu juu kuliko ujanani, mwezi ujao karibu na sifuri, na ndiyo maana kwa aliyezidi miaka 45 kipimo kimoja cha damu hakitoshi kusema uko wapi. Wanawake wengi wasio na ADHD pia hupata usahaulifu na ukungu wa akili wakati huu. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama unasahau sasa. Ni kama ulikuwa unasahau ukiwa na miaka 9, na ni nani au nini kilichokuwa kinakukumbusha tangu hapo. Ofisi ya watu 20 huwa na katibu, kalenda na vikao. Je, ulipokuwa peke yako bila hivyo, mambo yalikwendaje?

Kuhusu tiba, mwaka 2015 Epperson na wenzake nchini Marekani waliwapa lisdeksamfetamini, kichangamshi kingine, kwa wiki nne wanawake 32 waliokuwa wakipitia au wamepita ukomo wa hedhi, wenye afya na wasio na ADHD, lakini wenye malalamiko kama yako, na uwezo wao wa kupanga na kushika mambo uliimarika kuliko walipokuwa wakipewa kidonge kisicho na dawa. Tiba ya homoni nayo huwasaidia wengine, hasa pale ambapo joto la ghafla la usiku ndilo linalowaharibia usingizi. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa projestojeni, homoni ya jamii ya projesteroni, ili kuulinda ukuta wa mfuko huo. Historia ya saratani ya matiti au ya kuganda kwa damu lazima itajwe kabla ya chochote.

Bibi Mtarajiwa

Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa na miaka 9 mama yangu alinifungia ufunguo wa nyumba shingoni kwa uzi, kwa sababu nilikuwa nimepoteza mitano. Nadhani nimejijibu. Sasa hiyo shajara mnayoandika inaandikwaje kwa mtu ambaye hedhi yake huja inapotaka?

Mwanzisha uzi

Mimi hutumia mistari miwili tu kwa siku, kwa kuwa shajara ndefu mtu mwenye ADHD huiacha siku ya nne. Mstari wa kwanza ni alama tatu kutoka 0 hadi 10: umakini, hisia, usingizi. Mstari wa pili ni saa niliyomeza dawa na saa niliyohisi imeisha nguvu. Siku ya kwanza ya hedhi naizungushia duara. Kwako wewe, mama, duara litakuja kwa nadra, basi ongeza alama ya joto la ghafla na jasho la usiku. Hata aliyeondolewa mfuko wa uzazi lakini akabaki na ovari aandike, maana mzunguko wake unaendelea ingawa haoni damu. Baada ya miezi mitatu mpelekee daktari karatasi hizo, na kabla hajashika kalamu ya kuandika dozi, mwombe asome tarehe kwanza.